Ekseli ya nyuma iliyopanuliwa kwenye Land Cruiser: dalili za ubovu na mahali pa kuanzia

Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizotoka kuanzia 2007 zina tatizo la kuzaliwa nalo. Toyota walipanua ekseli ya mbele ili injini ya V8 ipate nafasi, ya nyuma wakaiacha ilivyokuwa, na tofauti ya upana kati ya tairi za mbele na za nyuma ikabaki karibu milimita 95. Kwenye lami huioni. Kwenye mchanga mzito au tope, tairi za nyuma hazipiti njia ambayo za mbele zimekwisha kuifungua. Zinachimba njia yake zenyewe, na injini inalemewa bila sababu.

Wenye magari hutafuta dawa ya aina tatu. Kuna wanaofunga spesa (vipande vya kusogeza tairi nje), kuna wanaotafuta rimu zilizotokeza nje, na kuna wanaorefusha hausingi ya nyuma, yaani ganda la ekseli, milimita 47 au 48 kila upande na kuweka shafti ndefu. Spesa na rimu ni za haraka, lakini zinausogeza uzito nje ya beringi za habu (kitovu kinachofungwa tairi), na kwa gari la safari linalobeba watu, mahema na matangi, beringi zitalipia. Mimi nakubaliana na wanaorefusha hausingi. Ila ekseli ya kutengenezwa ikitengenezwa vibaya huleta malalamiko ambayo fundi wa kawaida huyatafutia ndani ya difu (gia za katikati ya ekseli), kwa sababu huko ndiko alikozoea. Difu inafunguliwa, beringi zinabadilishwa, mwezi haujaisha gari limerudi.

Ushauri ninaoutoa kwa kila anayeleta ekseli ya aina hii ni mmoja: pima hausingi kwanza. Ikiwa imenyooka, ndipo uanze kuilaumu difu.

Jambo moja la kukumbuka kabla hatujaanza. Ekseli ya nyuma ya gari hili, kwa matoleo ya kazi kama 78 na 79, ni ya aina ambayo shafti haibebi uzito. Habu inakaa kwenye spindeli, ncha ya hausingi isiyozunguka, kwa beringi mbili, na shafti inapita katikati ikiwa na kazi moja tu, kuzungusha. Ukifungua nati za shafti na kuichomoa, gari linabaki limesimama kwenye tairi zake. Hilo litatusaidia sana huko mbele. Litaweza pia kukuumiza: shafti zikiwa nje, gia haishiki gari upande wa nyuma. Weka mawe au kabari kwenye tairi kabla ya kugusa nati.

Tairi za nyuma zinalika upande wa ndani

Ekseli ya nyuma haina marekebisho ya kulinganisha tairi. Ikiwa zote mbili zinalika ndani, ncha za hausingi zimepanda juu na tairi zimeegemea ndani kwa kichwa. Zikilika nje, ncha zimeshuka. Moja ikilika na nyingine ikiwa salama, upande mmoja tu ndio uliopinda.

Chanzo cha kwanza ni uchomeleaji. Chuma kilichochomelewa kinapopoa kinajivuta, na kinavuta kila kilichoshikana nacho. Mshono mrefu uliopigwa juu ya bomba kwa mkupuo mmoja hupandisha ncha. Ukipigwa kwa nyuma, ncha zinavutwa nyuma na tairi zinafunguka kwa mbele. Bamba la kukalia springi lililochomelewa upande mmoja bila kupumzisha chuma hufanya hivyo hivyo, na wengi hawalifikirii kwa sababu akili yao yote ilikuwa kwenye maungio ya bomba. Chanzo cha pili ni mzigo: springi zinakandamiza hausingi kwa ndani, ardhi inasukuma tairi kwa nje, na bomba jepesi linainama. Ukilipanua, mkono huo unakuwa mrefu zaidi, kwa hiyo hausingi iliyovumilia mzigo fulani ikiwa nyembamba inaweza isiuvumilie ikiwa pana.

Kupima hakuhitaji mashine ya kompyuta. Simamisha gari kwenye sakafu iliyolala sawa, shusha timazi kando ya rimu, pima umbali kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa juu wa rimu, kisha ukingo wa chini. Kwenye urefu wa milimita 400, digrii moja ni karibu milimita 7. Sogeza gari hadi tairi igeuke nusu mzunguko, pima tena na uchukue wastani, usije ukailaumu hausingi kumbe rimu ndiyo iliyopinda. Ekseli nzuri ya nyuma isiyo na mzigo inakaribia sifuri. Mimi nikikuta zaidi ya milimita 2 kwenye urefu huo, naiteremsha.

Kwa upande wa kufunguka au kufunga, nyanyua nyuma, zungusha tairi ukichora mstari kwa msumari katikati ya tredi, kisha pima kutoka mstari hadi mstari mbele ya tairi na nyuma yake, kwa kimo cha habu. Vipimo viwili vinatakiwa kulingana.

Ukikuta imepinda, usimpe fundi gesi akainyoosha kwa macho. Inanyooka kwa macho, na inabaki imepinda kwa kipimo. Kinachohitajika ni fimbo nene ya chuma iliyonyooka, ya milimita 38 au zaidi, pamoja na visahani vilivyochongwa kwenye mashine ya leth: viwili vikae mahali pa beringi za krauni (gia kubwa ya difu) kwenye kasha la difu lililotolewa gia, viwili vikae kwenye ncha za spindeli. Fimbo ikipita kote na kuteleza kwa mkono, hausingi imenyooka. Ikigoma, inakuonyesha yenyewe imepinda wapi. Kunyoosha kwa joto kunakubalika ikiwa fimbo inakaguliwa kila baada ya kupoa. Spindeli ikiwa imekaa vibaya tangu mwanzo, kata mshono uanze upya, na ukichomelea, piga vipande vifupi kwa kupokezana pande zinazotazamana, kasha tupu la difu likiwa limefungwa mahali pake ili uso wa gasketi usipinde.

Nati za shafti zinalegea kila mara, habu inalowa mafuta

Mteja atakwambia ameshakaza mara nyingi na ameshabadilisha sili. Kwanza angalia kama vikoni (washa za umbo la koni) vya kwenye stadi, yaani bolti za habu zinazoshika shafti, vipo vyote. Mara nyingi vimepotea na mtu ameweka washa bapa. Kama vipo, rudi kwenye hausingi. Spindeli ikiwa imeinama na shafti inakwenda moja kwa moja kutoka difu, shafti inalazimishwa kupinda kidogo kwa kila mzunguko. Nguvu hiyo inaishia kwenye stadi za habu na kwenye meno ya upande wa difu, na sili inachakaa upande mmoja.

Kipimo chake ni kizuri kwa sababu hakina gharama. Nyanyua tairi zote mbili za nyuma, toa nati, vuta shafti sentimita moja, irudishe. Geuza habu robo mzunguko, rudia. Shafti inatakiwa kuingia na kutoka kwa mkono katika nafasi zote nne. Ikibana, spindeli na difu haviko kwenye mstari mmoja.

Kama mstari ni mzuri lakini habu inachemka, gusa breki ya mkono. Ekseli imepanuka lakini waya wa breki ni ule ule wa zamani. Gari likisimama ukiwa gereji hakuna kitu. Springi zikishuka kwenye shimo, waya unavutika na viatu vya breki vinashika ngoma. Fundi hubadilisha beringi za habu iliyokuwa inapikwa na breki. Angalia na paipu ya breki kwa jicho hilo hilo, kwa sababu ikivutika yenyewe haitakupa dalili ya polepole.

Gari linatetemeka

Uliza swali moja: mtetemo unabadilika ukikanyaga na kuachia mafuta, au unafuata mwendo tu? Peleka gari kwenye mwendo linapotetemeka, weka gia huru, liache liteleze. Mtetemo ukibaki vile vile, ni tairi, rimu au mizani ya propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu). Ukipotea au kubadilika, ni pembe ya pinioni, gia ndogo ya difu inayopokea nguvu kutoka kwenye propela.

Unaweza pia kutenganisha kwa hisia za mwili. Tairi ya 7.50R16 kwenye kilomita 80 kwa saa inazunguka karibu mara 9 kwa sekunde; hiyo unaihisi kama kutikiswa kwenye kiti. Kwa difu ya 4.1, propela wakati huo inazunguka karibu mara 36, na krosi (maungio ya propela) zilizo kwenye pembe mbaya hutetemesha mara mbili kwa kila mzunguko. Huo ni mvumo, unausikia kwenye sakafu na kwenye kioo cha ndani kinachoanza kuonyesha taa mbili badala ya moja.

Pembe inaharibika kwenye benchi, siku bamba za springi zinapochomelewa. Kwa propela yenye krosi moja kila mwisho, uso wa flanji ya pinioni na uso wa flanji ya gia ya kugawa nguvu vinatakiwa kuwa sambamba. Springi za bapa hujipinda ukikanyaga mafuta na pinioni hunyanyua pua, kwa hiyo wazoefu huiweka chini kwa digrii moja hadi tatu gari likiwa limesimama, ili ikipanda ifike kwenye usawa. Anayeinua gari kisha akaelekeza pinioni moja kwa moja kwenye propela kwa sababu inaonekana imenyooka vizuri ametengeneza mtetemo. Mpango huo wa kuelekeza ni wa propela yenye krosi mbili upande wa juu, na hiyo ni propela nyingine kabisa.

Kosa la digrii mbili tatu linarekebishwa kwa kabari ya chuma kati ya springi na bamba. Ya chuma. Za aluminiamu hupondeka, yubolti zinalegea, na bolti ya kati inakatika. Ukishaweka kabari hakikisha kichwa cha bolti ya kati bado kinazama kwenye tundu lake. Mwisho angalia kama masikio ya propela yako kwenye mstari mmoja pande zote mbili. Fundi aliyeifungua kupaka grisi akairudisha meno mawili pembeni ameshamaliza siku za watu wengi.

Difu inalia

Difu ilikuwa kimya kabla ya kupanuliwa kwa ekseli, na haikufunguliwa isipokuwa kutolewa na kurudishwa. Sasa inalia. Kabla ya kununua krauni na pinioni, tenganisha sauti. Gari hili halina difu ya katikati, kwa hiyo ukiingiza 4H (gia ya kuendesha tairi zote nne) na kufunga habu za mbele linakwenda kwa miguu ya mbele peke yake. Chomoa shafti zote mbili za nyuma, ziba matundu ya habu vumbi lisiingie na mafuta yasimwagike, nenda polepole barabara iliyonyooka. Mlio ukibaki na nguvu ile ile, rudi gereji ufungue propela ya nyuma, jaribu tena. Mlio umebaki hata bila propela? Ni beringi za habu au tairi. Mlio umeondoka pamoja na propela? Ni beringi za pinioni, za krauni, au krosi. Ulikuwa umeshaondoka tangu shafti zilipotoka? Basi unalia chini ya mzigo, na hapo ndipo gia zenyewe zinapostahili kukaguliwa.

Kwenye ekseli ya kutengenezwa kuna sababu mbili za beringi kulia ambazo ekseli ya kiwandani haizijui. Moja ni waya wa ati wa mashine ya kuchomelea. Ukiubana kwenye flanji ya pinioni au kwenye habu wakati unachomelea bamba la springi, umeme unapita ndani ya beringi na kuacha vidoa vilivyoungua kwenye njia ya roli. Huvioni hadi ufungue. Ati ibanwe karibu na mshono, kwenye chuma kile kile, na ikiwezekana difu iwe nje kabisa.

Nyingine ni usawa wa mafuta. Hausingi ikizungushwa ili pinioni ipande, tundu la kujazia linazunguka nayo. Unajaza mpaka yanamwagika, unaridhika, kumbe beringi ya mbele ya pinioni iko juu kuliko zamani na mafuta hayaifikii vizuri. Inachemka, inalia, inakufa. Kwa mzunguko mkubwa, chomelea tundu jipya la kujazia juu zaidi.

Ukifika kwenye gia, uchezaji kati ya krauni na pinioni kwenye difu hii uwe milimita 0.15 hadi 0.20, ukipimwa kwa saa ya kupimia kwenye sehemu kadhaa za krauni. Paka meno rangi, zungusha huku ukizuia kwa ubao. Alama ikikaa kwenye mzizi wa jino, pinioni imeingia mno. Ikikaa kwenye kilele, iko mbali. Ikiwa kipimo kinabadilika sana kutoka sehemu hadi sehemu, krauni imekaa kombo, na shimu (visahani vyembamba vya kurekebisha nafasi) haziwezi kuponya hilo.

Shafti imekatika

Usiitupe. Isafishe kwa petroli na uitazame uso uliokatika.

Uso ulio bapa, wenye mistari iliyopindapinda kuanzia ukingoni na sehemu ndogo ya mwisho iliyokatika kwa ghafla, unasema shafti ilichoka kwa kupinda muda mrefu. Kwa ekseli ya aina hii shafti haikutakiwa kupinda kabisa, kwa hiyo umerudi kwenye hausingi. Ukiweka shafti mpya bila kupima, umeandaa safari nyingine ya kuvutwa. Uso uliokatika kwa mzingo wa kama digrii 45 unaonyesha msokoto mmoja mkali kwenye chuma kigumu mno, kilichokaangwa kupita kiasi kwenye moto. Meno yaliyosokotwa kabla ya kukatika yanaonyesha kinyume chake, chuma laini kisichopata moto wa kutosha, au difu loki (kifaa cha kuzifanya tairi mbili zizunguke pamoja) iliyofungwa huku tairi moja imebanwa kwenye jiwe na mguu uko kwenye mafuta. Magari ya Rhino Charge kule Kenya, mashindano yaliyoanza 1989 ambapo mshindi ni aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, hupita mahali ambapo tairi inashika ghafla ikitoka kuzunguka hewani. Kwa matumizi ya namna hiyo shafti ya kuchongwa mtaani haifai hata kama imechongwa vizuri.

Pima pia ni kiasi gani cha meno kilikuwa ndani ya gia ya difu. Alama ya kung'aa itakuonyesha. Urefu ulioshikana usipungue kipenyo cha shafti. Milimita chache zilizokosekana kwenye hesabu ya urefu wa hausingi huishia hapa.

Na kuna shafti iliyoungwa. Shafti ya kiwandani ni chuma chenye kaboni ya kutosha kukaangwa kiwe kigumu nje. Kuikata katikati, kuweka kipande na kuchomelea kunaondoa ugumu huo kando ya mshono, hata mshono ukiwa mzuri kama wa kiwandani. Ninajua bei ya shafti ndefu za kuagiza. Bado sifungi shafti iliyoungwa kwenye gari linalobeba watu.

Mafuta yanatoka, maji yanaingia

Sili mpya zikivuja pande zote mbili kwa pamoja, angalia kipumulio kabla ya kulaumu sili. Mchomeleaji anaweza kuwa amekiziba kwa cheche, au hausingi mpya haikutobolewa kabisa. Hewa ikipata joto inatafuta njia, na njia rahisi ni sili. Ukiingia mtoni na ekseli ya moto, hewa inapoa ghafla na kunyonya maji kwa njia ile ile, na siku ya pili mafuta yana rangi ya chai ya maziwa. Vuta mpira wa kipumulio hadi juu kwenye bodi.

Mvujo unaotoka kwenye mshono una kipimo cha zamani kisichohitaji vifaa. Paka chaki nje ya mshono, pitisha mafuta ya taa ndani kwa brashi, subiri. Tundu dogo litatokea kama doa kwenye chaki.

Doa likiwa mstari, huo ni ufa, na ufa kando ya mshono wa spindeli mara nyingi unatokana na elektrodi (fito za kuchomelea) zilizonyonya unyevu. Elektrodi za 7018 zikikaa wazi Tanga au Mombasa zinabeba maji, na mshono unaweza kupasuka saa nyingi baada ya kupoa, wakati kila mtu ameshaukubali. Kausha elektrodi kwenye oveni, pasha spindeli moto kabla ya kuchomelea, kisha ifukie kwenye chokaa au majivu makavu ipoe polepole. Ufa uliokwisha tokea usifunikwe kwa mshono wa juu: usage hadi uishe, hakiki kwa chaki kwamba umeisha, ndipo ujaze upya, na baada ya hapo pitisha fimbo tena kabla ya kurudisha shafti.